Mwano Uliopigwa Kwenye Kipaza Sauti

Mnara wenyewe waliujenga kando ya lami, na hilo ndilo la kwanza lililomchefua Lusia. Shimo walimotupwa watu liko bondeni, nyuma ya makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, mwendo wa kumaliza muwa mmoja kama unatembea unatafuna. Kila mtu Isungabula analijua shimo lile. Mchunga ng'ombe analijua, mlevi analijua, mpaka mgeni akikaa wiki mbili analijua, maana ataonywa asichimbe pale. Halafu serikali inakuja na simenti yake, vigae vyake na jiwe la marumaru, inawajengea wale marehemu mnara jirani na kituo cha mafuta.

"Kwa nini hapa?" Lusia alimuuliza mtendaji wa kijiji, Wilbard.

"Hapa magari ya wageni yanageuza vizuri, Mama Cornel."

"Waliokufa wana magari?"

Wilbard akacheka kile kicheko chake cha ofisini, cha mdomo tu, akaenda kuhesabu vigae.

Lusia ni mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, mponda mawe. Ukifika Isungabula utamkuta kwenye kundi la akina mama wanaokaa chini ya turubai jirani na makarasha. Mbele yake kuna jiwe bapa, juu ya jiwe kuna duara la mpira lililokatwa kwenye tairi ili vipande visiruke, na mkononi nyundo. Anaponda mawe ya dhahabu ya watu tangu asubuhi. Mkono wa kulia umejaa kama wa mwanamume. Akikusalimia kwa kukushika mkono, utaukumbuka mpaka jioni.

Ila si mkono uliompa jina. Ni sauti. Lusia ana mwano ambao vijiji vitatu vinausikia.

Kwa Msukuma mwano si kelele za hovyo. Kuna mwizi wa ng'ombe, kuna moto, kuna mtu anauawa, basi unapiga mwano, na kila anayesikia anaacha ugali, anashika fimbo, anakimbia inakotoka sauti. Huulizi kwanza. Utauliza ukishafika. Aliyesikia akabaki ndani, sungusungu wanamkalia kikao na anatengwa: hasalimiwi, hauziwi chumvi, hata akifiwa anachimba kaburi peke yake. Na aliyepiga mwano wa bure, bila jambo, naye anatozwa ng'ombe, na siku akivamiwa kweli hakuna atakayetoka.

Lusia alianza kujulikana kwenye machimbo ya Mwakitolyo, akiwa mke kijana. Mume wake alikuwa chini ya duara, shimo la wachimbaji, pale matimba, magogo ya kuzuia kuta, yalipokatika na udongo ukashuka. Wenye duara wakaanza kubishana nani alisimamia matimba. Lusia akapiga mwano. Watu walitoka mpaka kwenye minada, wakachimbua kwa mikono, kwa sahani, kwa vifuniko vya sufuria. Walimtoa mume wake ameshakufa, lakini wenzake wawili walitoka wanahema. Tangu siku hiyo akajua kitu kimoja: ukiita, watu wanakuja.

Bibi yake alijua kitu kingine.

Bibi yake, Mageni, ndiye aliyepiga mwano siku ya mauaji yale. Zama hizo Mwingereza anatawala, bonde zima alilishika mzungu mmoja waliyemwita Kidevu. Sheria ya Kidevu ilikuwa nyepesi: mtu mweusi ukikutwa na dhahabu, hata punje iliyonasa kwenye ukucha, wewe ni mwizi. Hata kama umeiokota shambani kwa baba yako. Mzungu akiiokota hapo hapo, ni mali yake. Mume wa Mageni, Bujiku, alikutwa na punje. Askari wa Kidevu wakamfunga kwenye nguzo ya zizi lake mwenyewe, wakamchapa mbele ya ng'ombe zake. Mageni akapiga mwano. Watu wakaja wanakimbia na fimbo zao kama inavyotakiwa. Kidevu na wazungu wenzake wa kambi ya jirani walikuwa wamepiga goti kwenye kichuguu, na bunduki.

Walikuwa wanawachagua. Mageni alikuwa akilisema hilo kila mara. Hawakupiga hovyo kama watu walioogopa, walikuwa wanachagua huku wanaongea. Waliokufa wakatupwa kwenye shimo la zamani la kuchimbia, Bujiku, aliyeuawa pale nguzoni, juu yao, wakafukiwa na marudio, ule mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu. Hakuna mzungu aliyelala mahabusu hata usiku mmoja.

Mageni aliishi mpaka Lusia akawa msichana mkubwa, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hata kuku akiingia ndani kula mahindi, alimfukuza kwa kunong'ona.

"Bibi, kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyewaita, ng'wana wane. Wangekaa kwao wangekuwa wazima."

Sasa hebu fikiria, kwenye familia ya namna hiyo, anakuja binti wa utamaduni kutoka wilayani, anaitwa Rosemary, kavaa viatu vyeupe, ana kishikwambi. Akapewa kigoda chini ya turubai, akaamkia vizuri, shikamoo kwa kila mama, hilo hakukosea. Kisha akasema:

"Mama Cornel, tumekuweka kwenye ratiba. Baada ya ngoma, kabla ya hotuba, utatupigia mwano. Dakika moja tu. Itapendeza sana, na runinga watakuwepo."

Nyundo zikasimama zote. Paskalina, rafiki wa Lusia tangu Mwakitolyo, akatema ganda la muwa. "Itapendeza," akarudia. "Na msibani kwenu huwa mnalia mkiona kamera?"

"Si wa kweli, mama zangu. Ni igizo."

"Masikio ya watu yatajuaje kwamba ni igizo?" Lusia aliuliza. Hakupaza sauti, ila mkono ulikuwa umeubana mpini wa nyundo mpaka mishipa imetoka. "Binti, bibi yangu alipiga mwano, watu wakafa. Unataka nikupigie ule ule ili mgeni wako anywe soda?"

Rosemary akainamisha kichwa. Alikuwa mtoto wa watu, kweli hakujua. "Nisamehe, mama. Naufuta." Akaufuta pale pale.

Wilbard, aliyekuwa amesimama nyuma, alimvuta Lusia pembeni. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, kwa sababu ratiba si kitu. Miezi michache nyuma eneo la bondeni lilikuwa limepata mwenye leseni, tajiri mmoja wa mjini ambaye kijijini walikuwa wamemwona kioo cha gari tu. Marudio ya zamani siku hizi ni pesa, mitambo mipya inakamua hata kile mzungu alichoshindwa. Na shimo liko katikati ya marudio. Kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, kilikuwa kimeshafika, kimepaki barabarani, kimekunja mkono wake.

"Sikiliza, Mama Cornel. Shimo halitaguswa. Mgeni rasmi atalitangaza siku hiyo hiyo, mbele ya kamera, kwamba linawekwa uzio na linatolewa kwenye leseni. Nimeliona kwenye hotuba kwa macho yangu."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Ila wewe ndiye unayesikilizwa hapa. Njoo ukae mbele, vaa vizuri, leta watu wote. Mgeni akiona kijiji kimetulia, anatangaza. Akiona fujo, atafunga faili aondoke."

Lusia hakumpenda Wilbard, lakini alilitaka lile shimo. Alitaka Bujiku alale palepale alipo, basi. Mnara wajenge hata mbinguni. Kwa hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akiita watu. Alimwambia mpaka Mayala, ntemi wa sungusungu, mzee mgumu asiyependa mikutano, alete vijana wake wote. Ni Paskalina tu aliyekataa.

"Mimi niende juani kumpigia makofi mtu aliyekuja na kiyoyozi? Yaya, siendi. Nabaki na mawe yenu, yasiibiwe."

Siku ikafika. Mahema mawili meupe, viti vyenye nguo, maspika makubwa yanapiga mpaka kifua kinatikisika. Ngoma zilichezwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Polisi walikuwepo, wengine na kofia ngumu na silaha, wamesimama pembeni ya hema la wageni. Lusia alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Aliyasoma majina kwenye marumaru, akalikuta la Bujiku. Kwa dakika moja hivi hasira zilimtoka kabisa. Aliwaza, pengine niliwaonea hawa watu.

Mgeni rasmi akasimama kuhutubia. Alisema ubaguzi wa rangi ni dhambi. Alisema wazungu wale walimhesabu Mwafrika kama mnyama, watu wakapiga makofi. Alisema tusamehe lakini tusisahau. Kisha akaingia kwenye uchumi wa madini, akaingia kwenye barabara, akaingia kwenye vyoo vya shule, akasema damu ya mashujaa hawa ndiyo mbolea ya uwekezaji wa leo. Lusia alikuwa anasubiri neno moja tu: shimo. Karatasi zilikuwa zinageuzwa, zinapungua.

Simu ikatetemeka kwenye pindo la kitenge. Paskalina.

"Lusia, kijiko kimeingia."

"Kimeingia wapi?"

"Wapi tena, mama! Shimoni! Kimeshachota mara tatu. Nimewapigia kelele, wananicheka. Lusia, kwenye udongo kuna mifupa. Nimeona mbavu."

Lusia akageuza shingo kumtafuta Wilbard. Wilbard alikuwa amekaa nyuma ya wageni, na alipokutana na macho ya Lusia akaangalia viatu vyake. Hapo akaelewa yote. Watu wote walikuwa hapa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaita nyumba kwa nyumba. Mnara ulikuwa banda la kufungia ng'ombe wakati mwizi anachimba upande wa pili, na Lusia ndiye aliyewaswaga.

Mshereheshaji akachangamka: "Na sasa tumkaribishe mama yetu, mjukuu wa shujaa Bujiku, atoe neno la shukrani!"

Akashika kipaza sauti. Aliwaona polisi na silaha zao. Akaona vijana wa Mayala na fimbo, maana Msukuma na fimbo haachani hata kanisani. Akamkumbuka Mageni akimfukuza kuku kwa kunong'ona. Akipiga, watakuja. Wakija, wenye bunduki nao watakuja. Asipopiga, jioni hakutakuwa na shimo, kutakuwa na marumaru tu yenye jina la mtu aliyepelekwa mtamboni kusagwa.

"Shukrani," alisema, na sauti ikasikika kwenye maspika yote. "Shukrani gani?"

Akapiga mwano.

Wenye maspika walikuwa wamefungulia mwisho. Ule mwano ulitoka pale kama kitu kilichopasuka. Ng'ombe waliokuwa wakivuka barabara walisambaa. Mgeni rasmi akatabasamu, akaanza kupiga makofi, na wageni wote wakamfuata, maana walidhani ni lile igizo. Mpiga picha akapiga goti apate vizuri. Rosemary peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mayala alikuwa ameshasimama. "Lusia! Ni wa kweli?"

"Wa kweli! Wanatufukua! Wako shimoni wanatufukua!"

Firimbi ya sungusungu ikalia, na kijiji kikaondoka. Kilimiminika kama mtama gunia likipasuka. Wacheza ngoma wakakimbia na njuga zao miguuni, akina mama wakafunga vitenge kiunoni, wazee wakakimbia kidogo wakatembea wakakimbia tena. Ndani ya dakika chache pale kwenye mnara palibaki mahema, soda, wageni na Wilbard.

Bondeni kijiko kilikuwa kimeinua mkono, kimejaa. Dereva wake, kijana wa Ushirombo anayeitwa Telesphori, alipoona watu wanashuka kama nzige, akaacha kila kitu hewani.

"Zima!" Lusia alimwambia akihema. "Shuka!"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Hata askari wa Kidevu walitumwa. Shuka uone ulichobeba."

Telesphori akazima. Akashuka, akachungulia kwenye udongo aliokwisha kumwaga. Fuvu lilikuwa limelala ubavu, limejaa mchanga mweupe mdomoni. Akapiga ishara ya msalaba. "Niliambiwa ni marudio," akasema. "Haki ya Mungu, Mayu, niliambiwa ni marudio tu." Akaenda pembeni akatapika.

Vijana walikuwa wameshaanza. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha kijiko. Mwingine akasema letani dizeli. Na kule juu ya kingo magari ya polisi yalikuwa yanashuka, vumbi linapanda, wenye kofia ngumu wanaruka chini kabla gari halijasimama. Wakapiga goti.

Lusia aliona lile goti. Alikuwa hajawahi kuliona maishani mwake, lakini alilijua.

"Kaeni chini!" alipiga kelele. "Wekeni fimbo, kaeni chini wote!"

Mayala akamgeukia kama ametukanwa. "Kaa chini? Tangu lini mwano ukajibiwa kwa kukaa?"

"Tangu leo. Wale walikuja wamesimama, Mayala, wakachaguliwa mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyepiga. Mwenye mwano ndiye anayesema jambo. Nasema kaeni!"

Mzee alitafuna midomo. Alikuwa na hasira za kuua mtu, na sheria ilikuwa upande wa Lusia. Akaitupa fimbo yake mchangani, akakaa, magoti yanalia. Vijana wakamwangalia, wakakaa mmoja mmoja kuzunguka shimo, wanatukana lakini wamekaa. Yule wa dizeli alikaa wa mwisho.

Mkubwa wa polisi akabaki anaangalia kijiji kizima kimekaa kwenye udongo na nguo zake za sherehe. "Nani aliyepiga kelele kule?"

"Mimi."

"Inuka."

"Siinuki. Nibebe."

Mkubwa aliangalia mkono wa kulia wa Lusia, akaamua asimbebe kwanza.

Mgeni rasmi akaja kwa miguu, gari lake halikuweza kushuka. Vumbi lilimfika magotini. Alitafuta kipaza sauti, akakumbuka hakipo. "Mama," alianza, "hawa ni mashujaa wetu wote. Tutaunda kamati." Watu wakacheka, kicheko kibaya. "Tutawahamisha kwa heshima zote, tuwazike pale kwenye mnara."

"Mnara mmejenga pa kugeuzia magari," Lusia alimjibu. "Mzungu aliwaua kwa ajili ya dhahabu ya hapa. Ninyi mnawafukua kwa ajili ya dhahabu ya hapa hapa. Mheshimiwa, tofauti yenu niambie, maana kwenye hotuba sikuisikia."

Mgeni rasmi alisema yeye hakuwa na taarifa na kijiko, na labda kweli hakuwa nayo. Akaamuru kiondoke kirudi barabarani mpaka itakapoamuliwa. Itakapoamuliwa na nani, hakusema.

Ile mifupa waliirudisha siku ile ile, akina mama ndio walioishusha, wameiviringisha kwenye vitenge vyao vipya. Lusia aliitwa kituoni akatakiwa aombe radhi kwa kuvuruga shughuli ya serikali. Alikataa, akarudi nyumbani jioni. Asubuhi yake yeye na Paskalina na wenzao wakang'oa turubai kule makarashani, wakalisimika kwenye kingo za shimo. Wakahamisha mawe yao, mipira yao, nyundo zao, uji wao. Wanapondea pale mpaka leo, wakipokezana, ili kijiko kikitaka kushuka kipite juu ya mama wa mtu. Leseni haijafutwa. Uzio haujaja.

Na sungusungu walikaa kikao. Hawakumjadili Lusia, mwano wake ulikuwa wa kweli. Walimjadili Wilbard, mkazi wa Isungabula, aliyesikia mwano kwenye maspika, umbali wa hatua chache, akabaki amekaa kwenye kiti chenye nguo. Akatengwa. Dukani akisema nipe sabuni, mwenye duka anaendelea kupanga viberiti. Mashine ya kusaga ikafa kila mkewe alipofika. Bodaboda hazikumwona.

Wiki ya tatu akashuka bondeni, amekonda, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza. Ana bahasha.

"Mwadila, akina mama," akasalimia.

Ko, ko, ko, nyundo zikaendelea.

"Mama Cornel, nimeandika wilayani. Nimeandika na mkoani. Nimeeleza kila kitu, hata kwamba nilijua. Nasubiri jibu. Waambie sungusungu nimeandika."

Lusia aliendelea kuponda mpaka jiwe lile likawa unga. Hasira zilikuwa hazijapungua hata kijiko cha chai. Alitamani amrushie ile nyundo. Badala yake akalisukuma kwa mguu jiwe bapa la Paskalina, aliyekuwa ameenda kuchota maji, likafika mbele ya suruali ya Wilbard.

Wilbard akaliangalia. Akaangalia jua, akaangalia shimo. Kisha akakaa mchangani, akaokota nyundo, akapiga jiwe la kwanza na kipande kikamruka usoni.

"Mpaka lini?" akauliza, anajifuta damu.

Hakuna aliyemjibu. Alikuwa bado ametengwa.